Kipimajoto Chumbani kwa Mzazi

Jumamosi, 18 Januari

Joto saa tisa alasiri: 34. Mvua: hakuna.

Mjukuu wangu kazaliwa leo alfajiri, wa kiume, na mama yake mzima. Nimeona niliandike na hilo, ingawa daftari hili si la mambo hayo. Hili ni daftari la ofisi. Mbele mna mistari yao: tarehe, mvua, joto la asubuhi, joto la alasiri. Miaka kumi na moja sasa mimi Mwamvua binti Shaban ndiye mpimaji wa hali ya hewa wa kijiji chetu huku Ruaruke, na sijakosa siku. Hata siku niliyomzika mume wangu nilipima. Uani kwangu kuna kopo la mvua na kisanduku cheupe chenye miguu minne, mbao zake zimeachana ili upepo upite, na ndani yake kimening'inia kipimajoto. Bwana Saidy wa ofisini alipokileta alinipa sheria moja: kipimajoto hakitoki sandukuni. Hakijatoka.

Kurasa za nyuma lakini ni zangu. Humo nitaandika arobaini ya mjukuu, aje aisome akikua ajue bibi yake alimlea vipi.

Jumatatu, 20 Januari

Joto: 34 na nusu. Mvua: hakuna.

Nyumba yetu ni mpya kwa juu, ya zamani kwa chini. Mwanangu Haidari, kitinda mimba wangu, ni fundi wa kuezeka huko Kibiti. Mwezi wa Desemba alikuja na mabati ya rangi ya buluu, akayashusha makuti yote, akaezeka siku mbili bila kupumzika. "Mama," akaniambia, "mwanangu hatavujiwa kama nilivyovujiwa mie." Nililia, sifichi. Upande huu wa kijiji hakuna bati jingine. Watu wanapita njiani wanainua shingo.

Mchana bati linalia. Pa! Pa! Kama mtu anavunja kuni juu ya vichwa vyetu. Haidari anasema ni chuma kinajinyoosha kwa jua.

Mzazi na mtoto wamo chumba cha nyuma. Dirisha nimelifunga na nyufa nimezisokomeza khanga. Chini ya kitanda liko jiko la mkaa. Mtoto ana kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi mbili. Asubuhi na jioni namkanda mkwe wangu kwa maji ya moto, namnywesha uji wa pilipili manga. Ndivyo nilivyokaa mimi kwa watoto sita, ndivyo alivyokaa mama yangu kule milimani Umatumbini. Mzazi ni mtu mwenye mlango wazi mwilini, upepo ukimwingia hautoki.

Mkwe wangu anaitwa Muzdalifa, mtoto wa Ikwiriri. Adabu anayo: ndiyo mama, asante mama, shikamoo mama. Ila macho yake yana maneno mengi kuliko mdomo.

Ijumaa, 24 Januari

Joto: 35.

Leo siku ya saba. Tumemchinjia mbuzi na kumpa jina: Twalha. Watu walikuja, walikula, wakatazama bati. Kuku walikuwa wamelala chini ya uvungu wa ghala midomo wazi, mbawa wameziachanisha na mwili. Mpaka jioni hakuna aliyetoka hata kwa punje za mpunga.

Jumatatu, 27 Januari

Joto: 35. Mvua: hakuna. Mtungi umekauka mara mbili kwa siku moja.

Jumatano, 29 Januari

Joto: 35 na nusu.

Leo macho ya Muzdalifa yamepata mdomo. Namkanda mgongo, akasema, "Mama, naomba tufungue dirisha kidogo tu. Mtoto anatoka vipele."

"Vipele vya uzazi hivyo. Watoto wote hutoka."

"Na mie sipumui, mama."

"Unaongea, kumbe unapumua."

Akacheka, nikacheka. Kisha akauliza jambo ambalo limenikaa kichwani, "Mama, wewe si ndiye unayepima joto la kijiji kizima? Humu ndani kuna ngapi?"

Nikamwambia joto la ndani halipimwi. Linalopimwa ni la nje, kivulini, ndani ya kisanduku, saa tatu na saa tisa. La ndani ni la mwenye nyumba.

Akampepea mtoto kwa upindo wa khanga. Nikaongeza mkaa, ulikuwa unazima.

Ijumaa, 31 Januari

Joto: 36.

Nimerudi kuangalia mara mbili, maana nilidhani miwani. Ni thelathini na sita. Nimefungua kurasa zote za miaka yangu kumi na moja, namba hii nimeiandika mara nne tu.

Nataka niliandike joto hili vizuri, kwa sababu sijui kama nitaliona tena. Saa saba mchana kijiji kinakuwa hakina mtu. Si kwamba wamelala. Wapo, wamekaa wima vibarazani, hakuna anayesema. Mbwa wa jirani kajichimbia shimo chini ya mnazi akajiingiza humo mpaka shingo. Upepo unaotoka upande wa delta, mto unakoingia baharini, ambao jioni hutupoza, sasa ukija ni wa moto, una harufu ya tope la mikoko lililokauka. Nilisimama uani nikatazama juu. Mbingu haina hata buluu, ni nyeupe tupu. Nilijiona mdogo, nikasema Subhanallah kwa sauti, peke yangu, kama mwehu. Kweli Mungu ana vitu. Kitu kisichoonekana kwa macho kimekaa juu ya nchi nzima, na mimi ninachokijua juu yake ni kijistari chekundu ndani ya kioo.

Jumapili, 2 Februari

Joto: 36.

Twalha analia tangu jana. Analia mpaka anakosa sauti. Nimemfukizia ubani na mvuje. Muzdalifa anamvua soksi nikigeuka, mimi namvisha akigeuka yeye. Hatusemeshani juu ya hilo. Tunafanya hivyo kama wachezaji wa bao.

Jumatatu, 3 Februari

Joto: 36 na nusu. Bado analia.

Jumanne, 4 Februari

Joto: 37. Mvua: hakuna.

Sijapata kuiandika namba hii. Mtoto leo katulia, hajalia tangu asubuhi. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 7 Februari. Hospitalini, Kibiti

Nimeletewa daftari hili jana. Nimesoma nilichoandika Jumanne. "Mtoto leo katulia." Mwenyezi Mungu anisamehe mkono huu.

Naandika yote kama yalivyokuwa, bila kujipendelea.

Nilikuwa nimetoka tu kupima, kalamu haijakauka. Muzdalifa akaniita. Hakuita kwa nguvu. Nilipoingia nilimkuta amempakata mtoto na ziwa liko nje, mtoto hanyonyi. Mdomo uko wazi kidogo. Nikamgusa, anawaka. Ngozi nyekundu, kavu, hana jasho hata tone. Mkono niliuinua ukaanguka wenyewe.

Nikasema, "Homa hii. Kaingiwa na upepo. Umefungua dirisha?"

"Sijafungua, mama."

Nikachukua blanketi ya tatu. Nikamfunika. Nikainama, nikapuliza jiko. Naandika na hili: nilipuliza jiko.

Muzdalifa akasema, "Mama, naomba kile kipima chako."

"Cha nini?"

"Naomba tukilete humu."

"Hakitoki sandukuni. Ni sheria, unaijua."

Basi akasimama. Akamlaza mtoto, akaondoka. Mzazi wa siku kumi na nane, ambaye hata akienda msalani hujifunika gubigubi na kushika kisu cha kukinga mashetani, alitoka mlango wa mbele kichwa wazi, saa tisa ya alasiri, katika jua lile. Nilimfuata nikipiga kelele. Alivuka uani pekupeku juu ya mchanga ambao mimi siukanyagi bila ndara. Akafungua kisanduku. Akakichomoa kipimajoto kwenye msumari wake, kile ambacho hakijachomolewa kwa miaka kumi na moja, akanipita mlangoni kama hanioni, akaenda akakiweka juu ya mto, sikio kwa sikio na mwanawe.

Tukatazama wote wawili.

Nje kilisema thelathini na saba. Kikapanda. Thelathini na nane. Thelathini na tisa, na bado kinakwenda, taratibu, hakina haraka wala hasira. Nilikuwa nasubiri kisimame. Arobaini. Namba hizo za juu kwenye kioo nimezifuta vumbi kila wiki nikidhani zimewekwa kwa ajili ya nchi za watu wengine. Arobaini na moja. Kikapita. Kikasimama kwenye arobaini na mbili, na mistari miwili midogo juu yake.

Sijapata kuogopa hivyo. Kumbe lile jua nililokuwa nalishangaa uani, nililolisomea Subhanallah, lenyewe lilikuwa kivuli. Joto kubwa kuliko yote ya kijiji hiki lilikuwa nyumbani kwangu, hatua ishirini kutoka kisandukuni, na nilikuwa nimeliwasha mimi kwa mkono wangu na kulifunga ndani na mtoto. Bati la mwanangu kwa juu, jiko langu kwa chini. Mapenzi yetu wawili, na yeye katikati.

Sikumbuki nani alilitoa jiko. Nadhani ni mimi, maana viganja vimebabuka. Muzdalifa alivunja kitasa cha dirisha. Tukamvua kofia, sweta, soksi, kila kitu. Chini ya nguo zile mwili ulikuwa mdogo mno. Nilisahau kuwa ni mdogo hivyo, tangu siku ya saba sijamwona mzima. Tukamfunga khanga moja iliyochovywa maji ya mtungi na kukamuliwa, tukatoka. Mudrick jirani akawasha bodaboda, tukapanda watatu na mtoto, Muzdalifa katikati anamkamulia maziwa mdomoni tone tone njia nzima. Mimi nyuma namwona mguu mmoja tu wa mtoto, na niliutazama huo mpaka tulipofika.

Zahanati, muuguzi Rukaiya hakungoja salamu. Alimpima, akasema arobaini. Akampangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, si ya baridi, shingoni, kwapani, mapajani, huku Muzdalifa anakamua maziwa kwenye kijiko. Akaita gari la wagonjwa. Ndipo akauliza, "Nani alimvisha?"

Kabla Muzdalifa hajafungua mdomo nikajibu, "Mimi."

Rukaiya hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema, "Bibi, mtoto mchanga bado hajui kutoa jasho sawasawa. Hawezi kujifunua, hawezi kuomba maji, na maji yenyewe hapewi, ni ziwa la mama tu. Akilia ujue anadai. Akinyamaza na kulegea, ujue amechoka kudai."

Huku Kibiti wamempima malaria, hana. Wamempa na dawa za sindano kwa tahadhari, kwa sababu homa ya mtoto mchanga haibahatishwi. Daktari amesema ni joto, pamoja na kukosa maziwa kwa siku nzima. Jumatano asubuhi Twalha aliliona ziwa akalishika. Alinyonya kwa fujo, anakoroma, vidole vimekunjwa. Muzdalifa alilia. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Haidari alikuja moja kwa moja kutoka kazini, ana vumbi la mbao nywele nzima. Nilipomweleza alikaa chini sakafuni. "Bati langu," akasema. Nikamwambia, "Na jiko langu." Nami nikakaa kando yake.

Jumamosi, 8 Februari. Bado hospitalini

Leo kaja Malekbanu. Ana duka la vitambaa hapa Kibiti, alilirithi kwa baba yake aliyelirithi kwa baba yake, na mimi na yeye ni mashoga tangu nilipokuwa nanunua kwake khanga za harusi yangu. Kaja na mashuka membamba ya pamba na ulimi wake.

"Ati ulimwashia mtoto moto chini ya bati, Februari?"

"Ndiyo, shoga."

"Mwamvua! Unapima joto la serikali nzima!"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nataka kulia." Akakaa kitandani, akamshika Twalha unyayo. "Sikiliza. Nyie mmeingia chini ya bati juzi. Sisi tumezaliwa chini yake. Kwetu hata mzazi akikaa ndani arobaini, hakai chini ya bati tupu. Marehemu mama alikuwa ananing'iniza magunia yaliyoloweshwa kwenye madirisha, upepo uingie umeshapoa. Chini ya bati alitandaza dari la kitambaa cha amerikani, na juu yake baba aliweka matete. Bati bila kitu cha kulitenga na watu ni kikaango."

"Mbona hukuniambia Haidari alipoezeka?"

"Uliniuliza? Ulikuja dukani ukaniambia, njoo uone bati la mwanangu. Nikasema mashallah, bati zuri."

Kweli. Hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Nimekaa nawaza. Mama yangu hakukosea. Chini ya nyasi, kule mlimani, usiku wa baridi ya ukungu, jiko lile lilikuwa dawa. Nilichukua jiko nikalileta chini ya paa ambalo yeye hajapata kulala chini yake. Miaka yote hii niliamini kulea ni kufanya alivyofanya yeye. Hakuna aliyeniambia niangalie kwanza juu.

Jumatatu, 10 Februari

Tumerudi nyumbani. Joto la nje sijui. Kipimajoto kipo ndani, kimening'inia kwenye msumari mpya usawa wa kitanda cha mzazi, na mimi ndiye niliyeupiga huo msumari. Asubuhi na jioni naona fedheha kukipita kisanduku kitupu.

Jumanne, 11 Februari

Ndani saa tisa: 37, dirisha wazi, bila jiko. Bado ni nyingi. Mtoto na mama yake wameshinda kibarazani, upande wa mashariki.

Haidari alisimama njiani muda mrefu anatazama bati lake. Kisha akaenda nyuma ya ghala, ambako tulirundika makuti ya zamani. Nusu yameliwa na mchwa. Akauliza, "Mama, bado unaweza kusuka?"

Nimemwambia aniletee makuti mabichi, asiniulize maswali ya kijinga.

Alhamisi, 13 Februari

Tumesuka siku mbili. Nilianza mimi, akaja Malekbanu kwa bajaji na dari lake la amerikani, akakaa kitako kuchambua makuti ambayo hajui kuyasuka. Kisha wakaja wanawake mmoja mmoja. Jana saa mbili asubuhi tulikuwa kumi na wanne chini ya mkorosho. Kabla jua halijakuwa kali tunasuka, saa tano tunaacha, tunakunywa maji na kupumzika, saa kumi tunarudi. Hilo nalo nimeliamuru mimi, na aliyebisha nilimfukuza akanywe maji kwanza.

Leo alfajiri, bati likiwa bado la baridi, Haidari alipanda. Alipiga boriti nyembamba juu ya bati, akaacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite, ndipo akaezeka makuti juu ya boriti. Fundi wa bati, anaezeka makuti juu ya bati lake mwenyewe, jua linachomoza, na kijiji kizima kimesimama njiani. Mudrick akapiga kelele, "Fundi! Bati limevaa baraghashia!" Watu wakaangua kicheko. Haidari akajibu kutoka juu, "Linakwenda msikitini!" Nilimpenda mwanangu leo kuliko siku aliyoezeka bati.

Ndani saa tisa: 33.

Nimeitazama ile namba mpaka Muzdalifa akanivuta mkono. Makuti ya namna ile ile tuliyoyatupa nyuma ya ghala kama uchafu. Majani tu. Jua lile lile, ukuta ule ule, na majani yameliambia jua hapa hupiti.

Jumapili, 16 Februari

Ndani: 33. Magunia ya dirishani tunayalowesha kila baada ya sala.

Shamsia wa nyumba ya tatu kanijia na maneno. Mzazi anakaa kibarazani watu wote wanamwona, mtoto yuko uchi kama kifaranga, arobaini haijatimia, dirisha linakesha wazi. "Mwamvua, wewe ndiye tuliyekutegemea kwa mila."

Nikamwambia, "Bado nipo. Namkanda, anakunywa uji, kisu kiko chini ya mto. Lililoondoka ni jiko."

"Na macho ya watu?"

"Macho ya watu yana chandarua," nikasema, na ndivyo, maana kitanda nimekifunika chandarua. Akaondoka amenuna. Atarudi, binti yake anajifungua mwezi wa nne na wao nao wameshanunua bati.

Muzdalifa alikuwa anasikiliza dirishani.  Jioni aliniletea chai yenye tangawizi nyingi, ninavyoipenda, na sikuwa nimewahi kumwambia ninavyoipenda.

Jumatano, 19 Februari

Nadhani leo ndiyo siku kali kuliko zote nilizoishi. Ukutani mijusi imeshuka chini. Mzee mmoja kaanguka shambani, wakamweka kivulini, wakamwagia maji na kumpepea, akazinduka, wakamkimbiza kwa Rukaiya. Ningependa kujua ni ngapi. Thelathini na nane? Nimesimama mbele ya kisanduku kitupu mikono nyuma. Kama ningelikuwa na namba hiyo, jina langu lingesomwa ofisini.

Nikaingia ndani. Kipimajoto: 34. Twalha amelala chali, miguu ameiachanisha, na juu ya mdomo wake kuna kitu kinang'aa. Nikainama na miwani. Ni jasho. Matone matatu, madogo kuliko mbegu za ufuta.

Nilimwita Muzdalifa aje aone. Tulisimama tumeshikana mikono tunatazama jasho la mtoto kama watu wanaotazama mwezi mwandamo.

Alhamisi, 20 Februari

Ndani: 33. Kanyonya, kalia, kanyonya. Analia vizuri.

Jumatano, 26 Februari

Ndani: 33.

Arobaini imetimia. Tumemnyoa, tumemzungusha nyumba nzima, nikamwonyesha kila kitu: hili ghala, huu mkorosho, hiki kisanduku cha bibi. Akakitazama sana kisanduku. Muzdalifa kavaa khanga mpya alizoletewa na Malekbanu, kapaka wanja. Nikamwambia mbele ya watu, "Huyu ndiye aliyemwokoa mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nimesimama na blanketi."

Akasema, "Mama, basi."

Nikasema, "Si basi. Wasikie."

Ijumaa, 28 Februari

Leo kaja Bwana Saidy kunakili kurasa za mbele, kama kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa Januari alizikuta namba zote, akasifu. Leo alikaa kibarazani, akafunua, akafika tarehe nne, akafunua tena. Mistari yote baada ya hapo ni mitupu.

"Bi Mwamvua, siku ishirini na nne huna joto. Na mwezi wenyewe ndio huu! Kipima kiliharibika?"

"Hakikuharibika. Kilikuwa kazini."

Nikamwonyesha ukurasa wa nyuma. Nilipiga mstari kwa rula, nikaandika juu yake NDANI, na chini yake siku baada ya siku. Wa kwanza ni 42. Nilimweleza jiko na blanketi ya tatu, sikuruka kitu. Hii ni mara ya kwanza namweleza mtu wa ofisi. Nilisubiri anikumbushe sheria.

Alishusha kidole kwenye namba: arobaini na mbili, thelathini na saba, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Kisha akainua shingo akatazama makuti juu ya bati. Akasema taratibu, "Nina vituo kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniandikia hii." Akaipiga picha. "Mke wangu anajifungua wiki ijayo, Bi Mwamvua. Nimeezeka bati mwaka jana."

Nikamfungia kuti moja lililosukwa, apeleke kwa fundi wake kama mfano. Naye akafungua begi, akatoa kipimajoto kipya, akakitundika kisandukuni mwenyewe. Cha zamani akasema kibaki kilipo.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wetu umeanza leo. Alasiri wingu lilitoka upande wa delta, jeusi, pana, likafunika mpaka barabara kuu. Mnazi ukainama. Kisha ikashuka mvua ambayo hatujaiona tangu mwaka mpya. Juu ya bati tupu ingetuziba masikio, lakini juu ya makuti ilikuwa mnong'ono. Nilitoka na Twalha kibarazani nikaunyoosha mkono wake nje. Tone la kwanza lilipompiga kiganjani aliufunga, akashangaa, akaufungua tena kutafuta lilipokwenda. Nilisimama naye hapo mpaka mvua ilipokwisha, sikukumbuka saa tisa wala kopo wala kisanduku. Nilipokuja kushtuka nilimwona Muzdalifa amesimama uani, ameloa chapachapa, amelishika kopo usawa wa macho kama nifanyavyo mimi.

Mwandiko wa hapa chini ni wake.

Mvua: 11. Joto la nje: 28. Joto la ndani: 27, mtoto amelala, dirisha wazi.